Kufunga Kuni za Kuuza Bila Plastiki

Ukishuka Lushoto kwenda Mombo miezi ya baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, kando ya barabara utaona matita ya kuni yamesimama wima kama abiria wanaosubiri basi. Angalia yamefungwa kwa nini. Moja kwa mpira wa ndani wa tairi, la pili kwa kamba ya nailoni ya bluu, la tatu kwa gome la mti lililochunwa asubuhi hiyohiyo. Ukifika mjini Tanga, vibanzi vya kuwashia moto unavikuta ndani ya kiroba kilichokuwa cha sembe. Nimeuza kuni kwa mitindo yote hiyo. Leo nafunga kwa katani, na sehemu kubwa ya mzigo wangu haina mfuko wa aina yoyote.

Nilichelewa kuelewa jambo moja: kuni si unga, hazimwagiki. Nilizunguka maduka ya vifungashio nikiuliza mifuko mbadala, kumbe swali langu lilikuwa limekaa upande. Tita linataka mkanda, halitaki nguo. Mfuko ni wa vibanzi na mabaki tu, na huo tutaufikia baadaye.

Hatua ya 1: Jua mteja anabebaje

Kabla hujanunua hata mita moja ya kamba, kaa siku mbili uangalie kuni zako zinavyoondoka. Mama lishe wa sokoni ananunua fungu dogo na kijana wake analibeba begani hatua mia mbili. Huyo anahitaji kamba moja tu imara. Mchoma nyama anatuma bodaboda, kwa hiyo tita linalazwa nyuma ya kiti na kurukaruka kwenye kila tuta, na linataka kamba mbili. Hoteli za mlimani zenye meko sebuleni zinachukua pikapu nzima. Hao hawahitaji kufungiwa chochote, wanahitaji kreti. Kisha kuna mteja wa gari dogo, anayekwenda kuota moto na wageni wake wikiendi. Huyu hataki magamba na udongo kwenye buti lake, naye ndiye anayelipa zaidi.

Ukishawagawa hivyo utaona wanaohitaji kifungashio hasa ni wachache. Kwa wengine gharama hiyo unaifuta.

Hatua ya 2: Kausha kwanza, funga baadaye

Hapa ndipo nilipoumbuka. Msimu wangu wa kwanza nilifunga mikaratusi iliyopasuliwa wiki hiyohiyo, kamba imekaza mpaka inalia. Baada ya wiki tatu nikapeleka matita arobaini kwenye hoteli moja. Kijana akanyanyua la kwanza kwa kamba, akabaki na kamba mkononi. Kuni zote ziliteleza zikaporomoka kwenye ngazi za mapokezi, huku wageni wakitazama. Zilikuwa zimekauka zikasinyaa, na kamba ikawa inaning'inia kama bangili kwenye mkono uliokonda.

Mti uliokatwa sasa hivi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Kuni nzuri ya kuuza iwe imeshuka chini ya asilimia 20. Uingereza (kwa maana ya England) wameliweka hilo kisheria tangu Mei 2021: kuni zinazouzwa kwa mafungu madogo zisizidi asilimia 20 ya unyevu, kwa sababu kuni mbichi hutoa moshi mwingi. Sisi hatuhitaji mashine kujua. Chukua vipande vitatu kutoka sehemu tofauti za rundo, vipige alama kwa rangi, vipime kila Jumamosi kwenye mizani na uandike. Uzito ukiacha kushuka kwa majuma mawili mfululizo, rundo liko tayari. Masikio nayo yanasaidia: gonga vipande viwili pamoja. Kikavu kinalia kwa sauti kali, kibichi kinatoa mlio mzito uliokufa. Na nchani pa kikavu huwa pana nyufa zilizotawanyika kutoka kwenye kiini.

Hii inahusu pia kwa nini plastiki ni adui wa kuni hata ukiacha habari ya mazingira. Kuni iliyofungiwa ndani ya nailoni haipumui. Unyevu uliobaki unatoka, unagonga ukuta wa nailoni na kurudi. Wiki mbili tu, ukungu mweupe umeshatanda. Umemuuzia mtu moshi.

Hatua ya 3: Chagua kamba, na usidanganywe na neno "asili"

Watu wa Tanga hatuna kisingizio. Mkonge, mmea unaotoa katani, uliingia nchi hii kupitia Pangani mwaka 1893. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Leo ukitoka mjini kuelekea Muheza au Korogwe mashamba yanakusindikiza pande zote mbili. Kamba ya katani inapatikana kwenye maduka ya zana za kilimo na kwa wauza kamba sokoni, kuanzia uzi mwembamba hadi kamba ya kufungia mbuzi.

Unachotafuta wewe ni uzi wa kufungia marobota ya majani, ule unaouzwa kwa mabunda makubwa. Aina inayofaa hutoa takriban mita 300 kwa kilo. Hesabu yake ni hii. Tita lenye upana wa sentimita 29 hivi lina mzingo wa kama sentimita 90. Ukizungusha mara mbili unatumia mita 1.8, ongeza sentimita 40 za fundo, jumla mita 2.2. Funga sehemu mbili, mita 4.4. Kilo moja ya uzi inakupa matita 68. Gawanya bei ya kilo siku hiyo kwa 68, ndiyo gharama yako ya kufunga tita moja. Mara nyingi utakuta ni ndogo kuliko kiroba kimoja kilichotumika.

Kabla ya kulipa, nusa. Uzi wa marobota hupakwa mafuta kiwandani ili singa zisokoteke vizuri, na mwingine huongezewa dawa ya kufukuza panya na wadudu. Ukiwauzia wachoma nyama, uliza usiotiwa dawa. Katani safi mteja anaweza kuitumia kuwashia moto wenyewe, inashika haraka kama nyasi kavu. Ile kamba ya bluu ikiangukia kwenye moto inayeyuka, inadondoka matone, na harufu yake inaishia kwenye mishikaki.

Kamba ya makumbi, yaani usumba wa nazi, ni nzuri pia ikiwa uko karibu na Pangani au Unguja. Inavumilia unyevu kuliko katani, ni nene, haikati kiganja. Ubaya wake ni bei. Makumbi huzikwa kwenye tope la ufukweni miezi kadhaa, yakafukuliwa, yakapondwa, yakasokotwa kwa mkono, karibu yote kazi ya kina mama. Usiitegemee kwa matita mia kwa wiki. Mimi naitumia kwenye tita la mteja wa gari dogo tu, na bei yake imo humo.

Kamba ya mgomba, yale magamba makavu, ni ya bure kwa wenye mashamba. Iloweke nusu saa kabla ya kufunga, la sivyo inakatika ukiipinda. Inatosha fungu la kubeba begani. Kwenye bodaboda hapana.

Sasa gome. Hili nalisema kwa herufi kubwa hata kama halijaandikwa hivyo: kamba ya gome la myombo si kifungashio rafiki wa mazingira. Kule Handeni na Kilindi utaona gome limefunga mdomo wa kila gunia la mkaa, na muuzaji atakwambia "hii asili kabisa". Ni asili, ndiyo. Lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kikipita ndani ya gome. Ukichuna gome kuzunguka shina, mizizi inakufa njaa, na mti mzima unafuata. Umeua mti ili ufunge kuni za mti mwingine. Mpira wa ndani wa baiskeli una afadhali kuliko gome, kwa sababu ulishakuwa taka na unaweza kurudishwa ukatumika mara hamsini. Ila mwambie mteja asiutupe motoni.

Hatua ya 4: Tengeneza pete ya kufungia

Ukifunga kwa macho, kila tita litakuwa na ukubwa wake na wateja watakuchagulia. Tafuta ndoo kuukuu ya rangi ya lita 20, iliyopasuka kitako hata bora. Ikate kwa msumeno ubakize sehemu ya juu, urefu wa shubiri moja. Hiyo ndiyo pete.

Iweke kwenye meza au ardhi ngumu, mdomo mpana ukiwa juu. Panga kuni zilizokatwa urefu wa sentimita 40, ukianza na nene pembeni, gome likitazama nje. Nyembamba zichomeke katikati. Pete ikishajaa, chukua kipande kimoja chembamba, kiweke katikati kabisa na ukigonge kwa nyundo ya mti hadi kishuke. Hicho ndicho kabari yako, kinaibana familia nzima. Zungusha uzi mara mbili juu ya pete. Ingiza kijiti kifupi chini ya uzi, kizungushe kama unakamua nguo, mara tatu au nne, mpaka uone uzi umezama kidogo kwenye gome. Funga fundo ukiwa umekishikilia kijiti, kisha kichomoe taratibu. Nyanyua tita litoke kwenye pete, lilaze, funga upande wa pili.

Mara za kwanza itakuchukua dakika tano kwa tita. Kijana ninayefanya naye kazi sasa anafunga moja kwa dakika moja na nusu, tena huku anabishana habari za timu yetu ya mpira, Coastal Union.

Kwa mteja anayebeba kwa mkono, acha mkia wa uzi kutoka kamba zote mbili na uunganishe uwe mpini. Uzi mwembamba unakata vidole, kwa hiyo ufunge juu ya kipande cha mwanzi chenye tundu, au ya ukuni mmoja mnyoofu. Mteja anashika ukuni, na akifika nyumbani anauchoma.

Fanya jaribio la kiuno. Nyanyua tita hadi kiunoni, liachie lianguke kwenye udongo. Rudia mara tatu. Likibaki zima, limefuzu.

Hatua ya 5: Vibanzi na mabaki

Hapa ndipo mfuko unapohitajika, kwa sababu vibanzi vya kuwashia, vipande vifupi na mabanzi ya kiwanda cha mbao havifungiki vizuri.

Tuanze na kiroba, maana ndicho kila mtu anacho. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, Kenya walitangulia tarehe 28 Agosti 2017. Katazo la kwetu liliacha vifungashio vya viwandani na vya kilimo, ndiyo maana salfeti, yaani viroba hivyo, bado zimejaa sokoni. Lakini salfeti ni plastiki iliyofumwa. Iache juani, baada ya miezi inachanikachanika kuwa nyuzi nyeupe, zinazagaa uani, mbuzi anazila. Ile mifuko mbadala laini kama kitambaa ni plastiki pia, mingi yake. Ukiwa na viroba vya zamani, vitumie kusogezea mzigo ndani ya stoo yako mpaka viishe, usivitoe na bidhaa.

Mbadala ninaoupenda ni gunia la juti au la katani lililokwisha kubeba kahawa. Linapumua, lina nguvu, na linapendeza mno machoni pa mteja wa mjini. Likate katikati, mdomo ushone kwa uzi uleule wa katani, unapata viwili. Tahadhari: gunia la mahindi likague mishono na ulianike juani. Dumuzi, yule mdudu wa ghala ambaye wengine wanamwita Skania, anaishi kwenye mbao kavu vilevile, kwa hiyo anaweza kuhama kutoka gunia kwenda kwenye kuni. Gunia lililobeba kuni nalo usilirudishe kwenye nafaka.

Mfuko wa karatasi nene wa unga wa ngano kutoka kwa waoka mikate unafaa kwa kilo tatu, nne za vibanzi, ukiukunja mdomo mara mbili na kuutoboa upitishe uzi. Mfuko wa saruji usiutumie. Vumbi lake linachoma ngozi na macho, na mingine ina utando wa plastiki katikati ya karatasi.

Kuna pia njia ya kutokuwa na mfuko hata kwa vibanzi: vipange kama kuni, vifupi kwa vifupi, kwenye kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kitako, uvifunge kwa uzi mmoja. Kazi ni nyingi, lakini kishada kimoja ni saizi ya kuwashia moto mara moja, na maduka yanavipenda kwa sababu vinakaa rafu bila kuchafua.

Hatua ya 6: Kreti inayorudi

Kwa hoteli na wachoma nyama wakubwa, tumia mtindo wa chupa za soda: mzigo unakwenda, chombo kinarudi. Nilitengeneza kreti za mbao za palleti, yale majukwaa ya mbao ya kupakilia mizigo. Ukichukua palleti angalia muhuri wake. Wenye herufi HT umepashwa joto kuua wadudu. Wenye MB umepuliziwa gesi ya sumu ya methili bromaidi, huo uache, usiutengenezee kreti wala usiuchome.

Kosa langu lilikuwa kwenye amana. Kreti iliyonigharimu shilingi 6,000 niliitoza amana ya buku moja, nikaona nimewajali wateja. Kati ya kreti 15 zilirudi 9. Moja niliiona mwenyewe nyuma ya nyumba ya mtu imegeuzwa kiota cha kuku, kuku ameatamia, nikakosa hata neno. Toza amana sawa na gharama ya kreti. Kila kreti ipige namba kwa chuma cha moto, na uandike daftarini imeenda kwa nani.

Hatua ya 7: Kadi ya tita

Kata kadi kutoka kwenye boksi kuukuu, ukubwa wa kiganja, itoboe na kuifunga kwenye uzi. Usitumie stika, zina gundi na nyingi ni plastiki. Andika kwa kalamu ya mkaa au wino: aina ya mti, uzito, mwezi kuni zilipopasuliwa, na zilikotoka. "Michungwa ya zamani, Muheza, kilo 11, zilipasuliwa Februari" inauza kuliko picha ya jani la kijani na maneno matamu.

Ukiandika kilo, mizani yako iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Na usilete lumbesa ya kinyumenyume, ile ya kuchomeka matawi yaliyopindapinda katikati ili tita lionekane limenona. Pete itakusaidia kwenye mzingo, lakini roho ya tita unaijua wewe.

Kifungashio kizuri hakihalalishi kuni haramu. Usajili wa biashara ya mazao ya misitu, kibali cha kuvuna na hati ya kusafirisha kutoka kwa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) viwe mkononi kabla gari halijawaka, maana kwenye kizuizi hawaulizi umefunga kwa katani au kwa nailoni. Kwa mikoko, hata usijaribu kupokea mzigo ambao mleta hana karatasi.

Hatua ya 8: Kuhifadhi yaliyofungwa

Katani ikilala kwenye unyevu inaoza. Panga matita juu ya magogo mawili au matofali, shubiri moja kutoka ardhini, mchwa wasipate daraja. Paa lifunike juu, ubavuni pawe wazi upepo upite. Usiyafunike kwa turubai mpaka chini. Ya zamani yakae mbele yatoke kwanza. Tita lililokaa zaidi ya miezi mitatu livute kamba kwa kidole, ikicheza lifunge upya kabla ya kulitoa.

Anza na matita 20, usibadilishe biashara nzima kwa siku moja. Kumi yafunge kwa katani na kumi kama ulivyozoea, yaweke pamoja kwa bei moja, uone yapi yanatangulia kuondoka na yapi yanarudishwa. Kwangu mimi wachoma nyama hawakujali kabisa, wao waliuliza ukavu tu. Mteja wa gari dogo alijali sana. Na hoteli moja iliyochukua matita ilianza kunirudishia kamba zilizotumika ndani ya kreti tupu, zimekunjwa vizuri, bila mimi kuomba. Nazikata kipande cha mita moja na robo na kufungia vishada vya vibanzi.